Kwa Nini Kivumbasi Hakishukuriwi

Kulikuwa na wakati kivumbasi kilinuka chenyewe. Hakikungoja kuguswa wala kufikichwa. Kilisimama mahali pake, na harufu yake ikashuka na upepo mpaka mtoni, hata mtu aliyekuwa bado mbali akajua kwamba kule juu kuna kivumbasi. Wakati huo hakikuota kando ya njia kama tunavyokiona leo. Mungu alikiotesha mahali pamoja tu katika milima yetu hii ya Upare, na watu walikuwa bado hawajajua kwamba kuna kitu mtu anaweza kupewa asishukuru.

Naeleza habari hii kwa sababu ya Tatu, mke wa mjukuu wangu. Tatu ametoka Korogwe, kwenye joto, na hiki ndicho kipupwe chake cha kwanza huku juu. Jana mtoto wake aliamka na mafua, pua zimeziba, kifua kinakwaruza. Jirani yetu, Mama Elinami, alipita akamwona, akarudi kwake, akaja na kitita cha kivumbasi. Tatu akakipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kama walivyomfundisha kwao, akasema, "Asante sana, mama."

Mama Elinami alitazama pembeni. Kisha akageuka akaenda zake bila kuaga.

"Nimemkosea nini, bibi?" Tatu akaniuliza, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Umemshukuru."

"Sasa kushukuru nako ni kosa?"

"Kwa kivumbasi, ndiyo. Weka chungu motoni kwanza. Mtoto akishapata nafuu nitakueleza."

Mtoto alipolala tulikaa jikoni, yeye na mimi na wajukuu wengine waliokuwa wanaota moto, nikawaeleza. Kazi ya kusimulia katika nyumba hii ilikuwa ya babu yao. Tulimzika masika haya, Mungu amweke mahali pema, na sasa imebaki kwangu. Mimi si msemaji kama yeye. Nitasema polepole, kama nilivyoelezwa na mama yake nilipokuja hapa nikiwa mwali.

Zamani hiyo watu wa bonde letu walikaa katika miteremko miwili inayotazamana, na mto chini katikati. Ukisimama upande huu unaona moshi wa jiko la mwenzako, unasikia jogoo wake, lakini kumfikia ni kushuka mpaka magoti yatetemeke, kuvuka maji, na kupanda mpaka pumzi ikatike. Kwa hiyo watu waliitana kwa sauti kutoka mteremko mmoja hadi mwingine. Salamu zilivuka kwa sauti, habari za uchumba zilivuka kwa sauti, na matusi pia. Hakukuwa na siri katika bonde.

Kipupwe kilipoingia, ukungu ulikaa bondeni tangu alfajiri hadi jua la mchana, na ndani ya ukungu ule alitembea Kikohozi. Wazee walimsema kama mtu. Walisema ni mgeni mwenye miguu iliyolowa, ambaye hapigi hodi, na akiingia ndani hapiti kuwasalimu wakubwa bali huenda moja kwa moja kuketi karibu na mtoto. Kila nyumba ilikuwa na namna yake ya kumfukuza. Hawa walikuwa na asali ya nyuki wadogo, wale walikuwa na mzizi wa tangawizi, wengine walipaka kifua kwa mafuta ya mkia wa kondoo. Na kila nyumba ilificha dawa yake.

Walificha kwa sababu waliamini kwamba dawa ya nyumba haivuki kizingiti. Ikivuka inapoa, haitamfaa aliyeipokea, na mbaya zaidi, uzima wa nyumba ile hutoka nayo. Hakuna aliyeona kwamba huo ni uchoyo. Mama aliyempa jirani dawa aliambiwa kwamba hapendi watoto wake. Mama aliyenyima alisifiwa kwamba anajua kulinda nyumba.

Juu kabisa ya mteremko wa mashariki alikaa mwanamke jina lake Nangasu, mke wa Senzia. Watoto wa kwanza wa Nangasu walichukuliwa na Kikohozi, mmoja baada ya mwingine, kabla hawajaota meno. Alikuwa na mahali nyuma ya nyumba alipozoea kupiga magoti na kulia, mbele ya Mungu, mahali ambapo mama mkwe wake asingemsikia. Siku moja akaona mahali pale pameota mmea asioujua, wenye majani laini na harufu kali tamu iliyofungua pua mpaka ndani ya kichwa. Ndicho kivumbasi. Mwaka ule akazaa mtoto wa kike, Nakiete. Akamlaza karibu na mmea ule, akayachemsha majani akamfukiza kwa mvuke wake, na Nakiete akapita kipupwe cha kwanza na cha pili na vingine vilivyofuata bila kukohoa hata mara moja.

Wanangu, mwanamke aliyezika watoto akipata kitu kinachomlinda yule aliyebaki, usimwambie agawe. Nangasu alijenga boma la miti kuzunguka mmea wake, kisha akalizidisha kwa miiba. Lakini harufu haizuiwi na miiba. Watu waliotoka kuchanja kuni walipofika pale walipunguza mwendo, wakanyanyua pua, wakavuta pumzi ndefu, wakasema, "Aa!" Nangasu aliwasikia, akaona wanampunguzia dawa yake. Akafuma majamvi mazito, na kila kulipopambazuka akakifunika kivumbasi tangu juu mpaka shinani.

Mmea ule ukakaa gizani ukijibana. Mwanzoni harufu ilipenya kwenye nafasi za majamvi, halafu ikapungua, halafu ikaacha kabisa. Wazee wanasema kivumbasi kilijifunza kubana pumzi, kama mtoto aliyejificha anaposikia nyayo za anayemtafuta. Nangasu hakujua. Yeye kila akichuma jani alilifikicha mkononi kabla ya kulitia chunguni, kwa hiyo alilisikia likinuka sikuzote.

Sasa Senzia alikuwa na dada yake, Namkunda, aliyeolewa mteremko wa pili, ng'ambo ya mto. Kipupwe kimoja Namkunda alikuwa na mtoto mchanga wa kiume, aliyempata baada ya kungoja sana. Mtoto yule akaanza kukohoa. Namkunda akamfunga mgongoni ndani ya ngozi, akashuka, akavuka, akapanda mpaka kwa kaka yake. Senzia hakuwapo, alikuwa machungani.

"Hodi humu, wifi."

"Karibu, wifi. Mbona na ukungu wote huu?"

"Mtoto. Msikilize mwenyewe." Akageuza mgongo. Kifua cha mtoto kilikuwa kinalia kama mlango mbovu. "Nipe majani yako kidogo."

"Wifi, unajua mwenyewe," Nangasu akasema. "Ikivuka kizingiti inapoa. Haitakufaa wewe, na sisi itatuacha wazi."

"Basi isivuke. Niache nimfukize humu humu ndani mwako. Nitaketi pale pembeni na mbuzi. Nikimaliza niondoke."

Neno lile hata wazee hawakuwahi kulifikiria. Akamtazama Nakiete aliyekuwa anacheza na vigunzi karibu na mafiga, kisha akamtazama yule mtoto mgongoni.

"Kikohozi amekaa mgongoni mwako, wifi," akasema kwa sauti ndogo. "Nakiete yuko pale."

Namkunda hakubisha. Alikaza ngozi, akashuka na ukungu wake. Siku chache baadaye kilio kilitoka mteremko wa pili, na bonde zima likakisikia. Kile kilio kilivuka mto ambao jani halikuvuka.

Baada ya mazishi, nyumba hizi mbili ziliacha kusalimiana. Namkunda hakumtukana wifi yake. Alipomwona upande wa pili alipitisha macho juu yake kama mtu anayetazama mawe. Nangasu naye aliendelea kufunika mmea wake kila asubuhi, akijiambia kwamba alifanya kama mama yeyote angefanya.

Lakini huku kwetu watu hawawezi kununiana mpaka mwisho, kwa sababu ya maji. Mnaiona ndiva, bwawa letu la juu, jinsi linavyojaa kisha maji yake yakafunguliwa kwa zamu, yakapita shamba la huyu kwenda shamba la yule. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Na wazee wa ndiva walikuwa na sharti kwamba maji hayapiti kati ya watu wasiosalimiana, maana mwenye hasira huweza kuziba mfereji gizani. Kipupwe kilichofuata, mvua zilipokatika na maharage yakaanza kusinyaa, wazee wakawaita Senzia na shemeji yake, mume wa Namkunda, wakauliza habari ya ununaji ule. Waliposikia yote walikwepana macho, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na dawa iliyofichwa kwake.

Kisha wakatoa hukumu iliyokuwa desturi. Mtoto wa nyumba iliyolalamikiwa aende akalale katika nyumba inayolalamika, ale chakula chao, achote maji yao, mpaka zamu ya maji ipite. Walisema mtoto hana ugomvi, na nyumba iliyomlisha mwanao huwezi kuinyima salamu.

Kwa hiyo Nakiete alitakiwa kwenda kulala kwa shangazi yake, katikati ya kipupwe, katika nyumba ile ile.

Nangasu alikesha akiwaza. Alitamani kumfungia majani katika pindo la nguo, akanyoosha mkono kuchuma, akaurudisha. Kama dawa ingevuka na mtoto ingepoa, na kama ingepoa isingemlinda Nakiete huko, wala asingeikuta na nguvu akirudi. Aliona ni heri ibaki nzima ikimngoja. Asubuhi akampeleka mpaka mtoni na mikono mitupu, akamwambia, "Usikae kwenye ukungu. Lala karibu na moto." Nakiete akapanda mteremko wa pili akirukaruka, kwa sababu alimpenda shangazi yake na hakujua aliendea nini.

Namkunda alimpokea. Alimpikia magimbi, akamlaza mahali pa mwanawe, maana hapakuwa na mahali pengine penye joto. Watoto wa nyumba hii, mkilalia kitanda cha mtu aliyekufa msiogope. Kitanda hakina hasira.

Lakini Nakiete alikuwa hajawahi kulala bila kivumbasi tangu azaliwe. Kikohozi, yule mgeni wa miguu iliyolowa, aliijua nyumba ile. Hazikupita siku nyingi akaingia.

Namkunda alifanya yote aliyoyajua. Alichemsha maji akatia asali aliyokuwa nayo, akamkanda kifua kwa mafuta, akamkumbatia wima usiku kucha ili apate pumzi. Kulipopambazuka aliuona ubavu wa mtoto ukiingia ndani kila anapovuta, na alikwisha kuuona ubavu wa namna ile. Alijua kinachofuata.

Hapa mama mkwe wangu alikuwa akisukuma kuni motoni kwanza, nami nitasukuma. Hakuna anayejua Namkunda aliwaza nini asubuhi ile. Angeweza kukaa kimya. Angeweza kusema, nimelea kama wazee walivyoagiza, Mungu amependa. Nani angemlaumu? Nimelifikiria sana jambo hili mwaka huu, na sioni alipata wapi nguvu ya kusimama, isipokuwa kwa Mungu.

Alisimama. Akatoka uani, akaweka viganja mdomoni, akapiga ukelele kuelekea mteremko wa mashariki.

"Nangasu weee! Nangasu mke wa kaka!"

Bonde lote likatulia. Watu waliacha kuitana. Miezi mingi ilikuwa imepita Namkunda hajalitamka jina lile.

"Nani weee?" Nangasu akaitika.

"Mimi! Mwanao amekamatwa kifua! Mbavu zinaingia! Lete majani!"

Mtu mmoja wa mashamba ya chini, ambaye jina lake halikuhifadhiwa na ni vizuri lisihifadhiwe, akadakia, "Mwambie ikivuka kizingiti inapoa!" Na mwingine, "Leo amfukize kwa majamvi yake!" Kicheko kikapita huku na huku ndani ya ukungu.

Nangasu alikuwa amesimama uani, mikono kichwani, hatoki. Mama mkwe wake, kikongwe aliyekuwa mama wa Senzia na wa Namkunda pia, alikuwa anaota jua kwenye kigoda, maana huko juu ukungu ulikuwa umeanza kuachia.

"Unangoja nini?" kikongwe akauliza.

"Mama, ikivuka..."

"Nimesikia. Inapoa. Na Nakiete naye si amevuka? Amepoa kuwa mwanao?"

Nangasu alishusha mikono kutoka kichwani.

"Nina mjukuu mmoja udongoni," kikongwe akasema, "na mmoja anakata pumzi, na dawa yao imefungiwa nyuma ya nyumba na jamvi kichwani kama mwali. Haya, keti nawe. Tutaota jua sote wawili, tusikilize."

Hapo Nangasu alikimbia nyuma ya nyumba. Hakutafuta mlango wa boma. Alivunja miti ya boma kwa mikono, miiba ikamchana, akayatupa majamvi, akakata matawi yote ya kivumbasi bila kubakiza hata moja. Kilikuwa kimekomaa, vichwa vyake vikavu vimejaa mbegu. Akafunga mzigo, akaubeba kichwani, akashika njia. Alishuka akiteleza, na kila alipoteleza mbegu zilimwagika. Alivuka mto, maji yakamlowesha mpaka kiunoni, akapanda mteremko wa pili akiita jina la mwanawe, na mzigo ukiyumba, na mbegu zikianguka nyuma yake kulia na kushoto. Hakuziona. Alikuwa anautazama mlango ulio juu.

Alipoufikia mlango akasimama. Kizingiti kilikuwa mbele ya vidole vya miguu yake. Akainua pua kuusikia mzigo aliobeba, na haukunuka. Haukunuka kitu. Akaona kwamba ni kweli, imepoa, na imepoa kabla hata ya kuvuka.

Namkunda akatokea mlangoni na mtoto begani. Akachukua tawi, akalinusa.

"Umeniletea nini hiki?" akasema. "Nyasi za mbuzi? Hata hapa unaninyima, wifi?"

"Ndicho," Nangasu akasema, na meno yanagongana. "Ndicho chote. Sikubakiza hata jani."

Namkunda akamtazama. Akaona damu kwenye mikono yake, na maji yanayomdondoka, na kwamba hakuna uongo usoni pale. Kisha hasira iliyokaa kifuani mwake tangu siku ya ule ukungu ikapanda, na kwa kuwa mikononi hakuwa na kitu kingine, akayashika yale majani akayasokota, akayafikicha kwa nguvu zake zote kama anayemkamua mtu.

Kivumbasi kikaachia pumzi yake.

Harufu ilitoka yote kwa mara moja, ikaingia ndani, ikajaza nyumba mpaka kwenye paa la nyasi. Mbuzi wakapiga chafya. Nakiete, begani kwa shangazi yake, akafumbua macho.

"Chungu kiko motoni," Namkunda akasema. "Ingia. Utamfukiza nani mlangoni hapo?"

Nangasu akavuka kizingiti. Wakayatia majani kwenye maji yanayochemka, wakakitoa chungu motoni, wakaketi, mtoto katikati yao, wakajifunika ngozi moja. Chini ya ngozi ile palikuwa na giza na mvuke, na mtu hawezi kumnunia mwenzake akiwa anavuta pumzi ile ile. Waliketi mpaka chungu kikapoa, wakakichemsha tena, wakaketi tena. Walipojifunua mara ya mwisho jua lilikuwa limeupasua ukungu, na ubavu wa Nakiete ulikuwa umetulia. Alikohoa kohozi zito, akalitema, akasema anasikia njaa.

Wanawake wale wawili walitazamana, nyuso zinatiririka maji, na haikujulikana yapi ni ya mvuke. Nangasu akafungua mdomo.

"Wifi, asan..."

"Usiseme," Namkunda akamkatiza.

Nangasu akanyamaza.

"Ukishukuru utaona yamekwisha. Kwangu hayajaisha. Mimi naye," akainamisha kichwa kuelekea nyuma ya nyumba, ambako mwanawe alilala, "hatukukuita ili tushukuriwe. Mshike mtoto wako vizuri. Nampikia uji."

Nakiete alikaa kwa shangazi yake mpaka zamu ya maji ilipopita, kama wazee walivyoagiza. Maji yakashuka, yakapita shamba la kaka na kufika shamba la dada, na hakuna aliyeziba mfereji. Wakasalimiana. Hawakuwa kama zamani, lakini waliulizana hali.

Kile kivumbasi cha ndani ya boma hakikuchipua tena. Nangasu alikingoja mpaka mvua, shina likakauka, naye akaichukua ile miti ya boma akaipikia. Alidhani amebaki bila kitu. Lakini mvua zilipotulia, watu walioshuka mtoni walikuta njia imekuwa ya kijani pande zote mbili, kutoka mlango wa Nangasu mpaka mlango wa Namkunda, mteremko wote kushuka na mteremko wote kupanda. Waligusa majani, vidole vyao vikanuka.

"Ni cha nani hiki?" wakapiga kelele kutoka njiani.

Nangasu akatoka uani. "Hakina mwenyewe," akajibu. "Chumeni."

Wakachuma, wakaenda nacho, kikavuka kila kizingiti bondeni, na hakikupoa. Kipupwe kilichofuata wa asali alileta asali kwa wa tangawizi, na wa mafuta akafuata. Lakini kila mtu alipotaka kumshukuru Nangasu kwa kivumbasi, yeye aligeuka pembeni akaondoka, kama alivyoondoka Mama Elinami jana. Asingeweza kupokea neno ambalo yeye mwenyewe alikatazwa kulitoa.

Na tangu siku hiyo kivumbasi huota kando ya njia na karibu na milango ya watu, wala hakuna anayekizungushia boma. Tangu siku hiyo hakinuki mpaka kiguswe, kwa hiyo anayepita bila kuinama huona ni majani tu. Siku hizi tuna zahanati, na mtoto akibanwa kifua tunampeleka haraka bila kungoja, kwa sababu Mungu ana mikono mingi. Lakini mafua yakiingia bado tunachuma kwanza, tunachemsha, na hatumfukizi mgonjwa peke yake. Mtu mwingine huingia naye chini ya blanketi.

Na tangu siku hiyo, mtu akikuletea kivumbasi husemi asante. Unakipokea, unakifikicha, unaingia ndani kwa haraka. Aliyeleta anatazama pembeni kidogo, kisha anaenda zake. Wote wawili wananyamaza kwa ajili ya mtoto mmoja ambaye jani halikumfikia.